Simu Ndani ya Kikapu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Naogopa feri inapoanza kuyumba, naogopa mbwa, naogopa mama mkwe wangu anaponyamaza. Lakini hofu ninayoijua kuliko zote ni ya kazini: nimesimama mbele ya bi harusi aliyepambwa, ukumbi mzima unamtazama yeye, nabonyeza kamera, na kamera haitoi hata sauti.

Kamera yangu ilikuwa imeanza tabia hiyo. Kile kipazia chake cha ndani, kinachofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, kilikuwa kikigoma bila taarifa. Naizima, naiwasha, naisomea bismillahi, inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Wanawake ukumbini walidhani nabadilisha mwanga, wakaniona mtaalamu. Mimi jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni.

Na lenzi nayo ilikuwa na shida zake. Ni lenzi fupi, ukitaka uso wa mtu uujaze picha lazima umsogelee mpaka usikie marashi yake. Kazi yangu ni kupiga picha za wanawake tu. Katika harusi zetu huku Likoni siku ya kupamba ni yetu peke yetu: mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele zinaachiwa, mabega yanaonekana, na hakuna mwanamume anayekanyaga pale, awe mpishi awe fundi wa spika. Bi harusi huketi jukwaani, mamake humtazama, na kuna dakika moja ambapo mama yule hulia. Ndiyo picha ninayoitaka kuliko zote. Lakini kwa lenzi yangu fupi, kabla sijafika, mama ameshaniona, ameshafuta macho, ameshatabasamu tabasamu la pasipoti. Nilitaka lenzi ndefu ya kuniruhusu kusimama mbali na kumwacha alie kwa raha zake.

Vyote viwili nisingeweza kununua. Ikawa ni kuchagua: bodi mpya, yaani kamera yenyewe, au lenzi nzuri kwenye kamera ile ile mbovu.

"Nunua lenzi," mume wangu alisema. "Kamera ikigoma nitaifungua mimi."

"Ukiifungua wewe ndiyo tuisalie kabisa," nikamjibu. Yeye ni fundi wa malori kule Changamwe, na chochote anachokifungua hubaki na skrubu za ziada.

Muuza kamera niliyemzoea, ng'ambo ya pili ya feri, kisiwani, alikuwa na rai tofauti. Ni mtu wa watu, duka la babu na baba, asiyekuharakisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa bodi moja kabatini, akaitia lenzi yangu, akanikabidhi.

"Nenda nayo harusi moja, dada. Ukirudi utaniambia mwenyewe," akasema. Kisha akaniomba simu, akabonyeza hapa na pale. "Na hii nimekuunganishia. Ukipiga picha huku, yaingia yenyewe kwenye simu. Hata waya huhitaji."

Nilimshukuru kwa kuniondolea usumbufu.

Kesho yake nilikwenda kuijaribu Shelly Beach na binti yangu. Alikimbia majini, akaanguka, akainuka na mchanga puani, nami nikapiga kila kitu. Kamera ile haikugoma hata mara moja. Tuliporudi nyumbani tulimkuta mume wangu amekaa mbele ya runinga anacheka peke yake. Runinga yetu, isipotazamwa kitu, ina desturi ya kuonyesha picha zilizomo kwenye simu yangu, inazozipokea kwa intaneti popote nilipo. Ni yeye aliyeiunganisha hivyo ili mamake akija awaone wajukuu. Pale kwenye kioo alikuwa binti yetu, mchanga puani, mkubwa kuliko alivyo.

"Zimefika kabla yenu," mume wangu alisema.

Tulicheka sote. Niliona ni jambo zuri sana. Kila nikikumbuka kicheko kile mwili hunisisimka, kwa sababu hatari ilijileta yenyewe mpaka sebuleni kwangu, ikajionyesha mchana kweupe, nami nikaichekea.

Harusi yenyewe ilikuwa ya jirani. Bi harusi alikuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, msichana aliyevaa nikabu tangu amalize shule. Mume wangu alimjua kwa sauti na mwendo tu. Wakikutana njiani walisalimiana, akamtania kidogo kama shemeji anavyomtania shemeji, lakini uso wake hakuwahi kuuona, na hakuna aliyeona hilo kuwa ajabu.

Kupamba kulikuwa baada ya laasiri. Nyumbani nilimwacha mume wangu na ndugu zake wawili wakitazama mpira. Mlangoni mwa ukumbi aliketi shangazi wa bi harusi, mwanamke wa haja, na kikapu cha simu miguuni. Kila anayeingia anaacha simu yake mle. Hilo lilikuwa sharti langu. Ni mimi niliyewaambia mama mtu na shangazi, mapema kabisa, kwamba sipigi picha penye simu ukumbini, na kwamba yangu mimi itakuwa ya kwanza kuingia kikapuni. Ndilo lililonipatia jina. Watu huniita mimi, wakamwacha mwingine mwenye kamera ya maana zaidi, kwa sababu ya kikapu kile.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Lete kisimu chako."

Nikakitia. Siku hiyo kilikuwa na chaji tele na bando la kutosha, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Nilianza na mikono. Huanza na mikono kila mara, maana bi harusi akiwa bado na woga, mikono ndiyo hukubali kupigwa picha kwanza. Hina na wino mweusi wa piko vilimpanda mpaka viwikoni. Kisha vikuba vya asumini kichwani, kisha mabega, kisha uso. Wallahi alikuwa mzuri. Na kamera ile ilimwona vilivyo, mwanga wa njano wa ukumbi ule haukuisumbua. Kwa mara ya kwanza nilifanya kazi bila kuihofia kamera. Nikaamua pale pale, katikati ya vigelegele: bodi. Lenzi itangoja.

Nikaangalia nyuma ya kamera nione picha ya mwisho ilivyotoka. Pembeni mwa kioo palikuwa na alama ndogo ya simu, na kando yake mishale miwili ikicheza, mmoja unakwenda, mmoja unarudi.

Sikuielewa mara moja. Nilidhani ni chaji. Kisha nikageuka, nikautazama mlango, nikakiona kikapu. Ukumbi ulikuwa mdogo, kikapu hakikuwa mbali na jukwaa. Simu yangu ilikuwa humo, iko macho, inapokea. Kutoka kwenye simu picha zinajua njia ya kwenda nyumbani. Na mpira, saa zile, ulikuwa ushakwisha.

Nilishika nguzo ya jukwaa nisianguke. Niliiona sebule yangu kama niko ndani yake: mume wangu, mashemeji zangu wawili, chai mezani, hakuna anayetazama chochote, na kwenye kioo anatokea msichana wa watu, nywele wazi, mabega wazi, mkubwa kuliko alivyo. Niliizima kamera. Sikuamini kuwa imezimika, nikaitoa betri, nikaishika mkononi. Bi harusi akanitazama kwa macho ya kuuliza. Nikamtabasamia, na najua lilikuwa tabasamu la pasipoti.

Nikaenda mlangoni.

"Shangazi, nipe simu yangu mara moja."

"Simu haitoki hapa mpaka bi harusi ateremke."

"Ni dharura, shangazi."

"Hata mamake nimemkatalia. Si wewe uliyeliweka sharti? Sasa wataka kulivunja wewe mwenyewe, mbele ya watu?"

Wanawake wawili waliokuwa karibu waligeuka. Nilitaka kulia. Kila nukta iliyopita ilikuwa picha nyingine inayopanda, na mimi nimesimama pale nafungwa na maneno yangu mwenyewe. Nikainama mpaka sikioni mwake, nikamweleza. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Nakumbuka mkono wake, uliokuwa ukijipepea, ulisimama.

Hakupiga kelele. Alikibeba kikapu chote, akanivuta mpaka chumba cha vyombo, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Mbona watetema? Itafute. Izime mbele yangu."

Nilizipekua simu za watu mpaka nikaipata yangu. Picha zilikuwemo, zimepangana vizuri, na nyingi zilikuwa na ile alama ya kuonyesha zimeshapanda mtandaoni. Nilifuta, nikafuta, vidole vinateleza. Kisha nikampigia mume wangu.

"Zima runinga," nikasema, hata salamu sikutoa.

"Nishaizima."

Alikuwa ameizima kabla sijamwambia.

"Mmeona nini?"

"Ndugu zangu walikwisha toka, mpira ulipokwisha tu. Nilikuwa peke yangu."

"Na wewe umeona nini?"

"Mikono," akasema. "Mikono tu, na hina. Nikajua si picha za kuangaliwa, nikazima. Malizana na kazi yako."

Nilishika neno lake. Nilianza na mikono, sivyo? Mikono ndiyo ilitangulia, mikono ndiyo iliyofika. Hesabu ilikubali, na mtu mwoga akipewa hesabu inayokubali haiulizi maswali. Nilimwambia shangazi.

"Leo hatajua. Leo ni siku yake," shangazi akasema. "Lakini fungate ikiisha utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako. Si kinywa changu."

Nilirudi ukumbini na kamera yangu ya zamani, niliyokuwa nimeibeba kwenye mkoba kwa tahadhari. Nilitia lenzi ile fupi, nikaendelea. Iligoma mamake alipokuwa akilia. Iligoma tena bi harusi alipoteremka. Nilikuwa nikiizima na kuiwasha, nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, hata picha ilizokubali kupiga, nyingi hazikuwa za kutazamika.

Bodi niliirudisha kisiwani mara tu duka lilipofunguliwa.

"Haikukufaa?" muuzaji aliuliza.

"Ilinifaa sana," nikasema. "Nipe lenzi."

Hakuelewa, nami sikumweleza. Najua unaweza kuzima huko kuunganishwa, binti yangu alinionyesha, ni kubonyeza tu. Lakini hofu haibonyezwi. Kamera yangu ya zamani bado inagoma, ila ikigoma inagoma kimya, haimpelekei mtu habari.

Siku zote za fungate niliyafanyia mazoezi maneno yangu. Nikiosha vyombo, nikikuna nazi, nilikuwa nikisema: kulitokea jambo, lakini ni mikono tu, mdogo wangu, mikono na hina. Kila nilipolirudia lilizidi kuwa jambo dogo. Mpaka siku waliyokuja kuchukua albamu nilikuwa karibu nimetulia.

Walikuja bi harusi na shangazi. Mume wangu alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa, nami nilikuwa dirishani, ndani, albamu mkononi. Yeye kwa kawaida ndiye wa kwanza kuwapokea. Angemdai shangazi halua aliyomwahidi tangu mwaka juzi, angemuuliza bi harusi kama ameshajifunza kupika au bwana analala njaa. Nilikuwa nikingojea kusikia utani huo.

Lango lilipofunguka aliinuka. Alivaa kofia yake haraka, akaitikia salamu akiwa ameyakodolea macho makubadhi yake, akapita ukutani kabisa kuwapisha, akatoka nje. Kahawa aliiacha inafuka moshi. Msichana alikuwa amejifunika kama siku zote, hakuonekana ila macho, na mume wangu alishindwa kuinua uso kumwelekea.

Nilisimama pale na albamu. Mikono, alisema. Miaka yote niliyokaa naye sijamwona akimkimbia mtu kwa sababu ya mikono yake.

Waliingia. Bi harusi alifungua nikabu, akajipepea nayo, akageuka kuangalia mlangoni. Uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Dada, shemeji leo ana nini?" akaniuliza. "Hata hakunitania. Au nimemkosea?"

Shangazi alikuwa akinitazama mimi.

Nilifunga mlango. Nilifunga na dirisha, ingawa kulikuwa na joto. Sentensi yangu ya mikono ilikuwa tayari ulimini, imelainika kwa kurudiwa, ingetoka bila taabu, na yule binti angecheka na kwenda zake. Badala yake nikaketi karibu naye, nikaiweka albamu chini.

"Hujamkosea," nikamwambia. "Amekuona."