Mashahidi Arobaini na Mmoja Ndani ya Kompyuta Moja

Anyesi Chidawali alikuwa mchapaji katika ofisi ya serikali kwa miaka kumi na saba, mpaka jina lake lilipotokea kwenye orodha ya waliopunguzwa kazini. Alirudi nyumbani kwake Nkuhungu, Dodoma, na kikombe chake cha chai na mto wa kukalia. Mwaka mzima aliwasaidia kaka zake kutunza mizabibu Hombolo, kisha akapata kompyuta kuukuu kutoka ofisi ya mradi mmoja uliokuwa unafungwa. Akaiweka sebuleni karibu na dirisha, akaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na akaanza kuchapa. Watu walimletea barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya kanisa na katiba za vikundi vya akina mama. Elieth, mwanawe wa pekee, alikuwa anasoma mbali. Mumewe alikuwa ameshafariki.

Mwaka 1999 alikuja Zipora. Alikuwa katibu wa kamati ya kijiji kimoja cha upande wa Kongwa, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Shamba kubwa lililokuwa la shirika la umma lilikuwa limeuzwa, na mipaka mipya ilikuwa imemeza mashamba ya wanakijiji, visima vyao na makaburi yao. Kamati iliyoundwa kusikiliza shauri lao iliwataka walete ushahidi wa maandishi: nani alilima wapi, tangu lini. Zipora alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari, akaandika maneno ya watu arobaini na mmoja, wengi wao wazee.

Ofisini Anyesi alikuwa amejizoeza kuchapa macho yakisoma na moyo usisikie. Kwa kazi hii hakuweza. Alichapa habari za mtu aliyemzika baba yake chini ya mgunga, na za bibi mmoja, Anastazia, ambaye mumewe alichimba kisima mwaka wa njaa kwa jembe na sufuria. Alipomaliza ukurasa huo alinyanyuka akaenda kusimama uani kidogo.

Jumanne moja ya Februari mwaka 2000, saa nne asubuhi, alikuwa anasahihisha nukta na mikato kabla ya kwenda mjini kuchapisha kwenye karatasi. Kioo kikazima. Kompyuta ikajiwasha yenyewe, ikazima tena, na ndani yake kukaanza mlio asiowahi kuusikia: tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua.

Anyesi aliichomoa ukutani. Akafungua dirisha harufu itoke.

Alingoja saa nzima, akaiwasha tena. Kioo kikabaki cheusi, na maneno meupe yakasema kwamba diski haionekani. Diski ile, kisanduku cha chuma kilichofungiwa ndani ya mashine, ndiyo iliyobeba kila kitu alichowahi kuchapa. Akakimbilia kabatini kuchukua disketi mbili alizonakilia ushahidi mwezi wa Desemba, akaenda nazo kwa jirani yake Debora, aliyefanya kazi bungeni na alikuwa na kompyuta nyumbani. Moja haikusomeka kabisa. Nyingine ilionyesha majina ya faili, lakini hakuna hata moja iliyofunguka. Vumbi la Dodoma lilikuwa limeshafanya kazi yake.

"Si una karatasi zenyewe alizoandika yule mama?" Debora aliuliza.

Anyesi alitikisa kichwa. Karatasi zilirudishwa kijijini. Mwezi wa Januari upepo uling'oa bati la stoo ya ofisi ya kijiji, mvua ikanyesha siku tatu, na daftari likageuka uji. Zipora mwenyewe ndiye aliyemweleza, tena bila hofu. Alisema, "Si neno. Yote yamo kwako."

Katika wale arobaini na mmoja, sita walikuwa wameshakufa. Kamati ya kusikiliza shauri ilikuwa inakaa Jumatatu, siku kumi na tatu mbele.

Siku iliyofuata, Zipora alimpigia simu kwa Debora akitumia simu ya misheni. Aliuliza kama kazi iko tayari.

"Inaendelea," Anyesi alijibu. Aliweka simu chini, akasikia aibu ikimpanda shingoni kama joto la homa. Hakuwa mwongo. Hakujua hata neno lile lilitoka wapi.

Alikuwa ameshaanza kuichunguza mashine kwa namna yake, kwa daftari na kalamu. Alikaza nyaya. Alihamisha plagi kwenye tundu la chumbani. Kila alipojaribu aliandika. "Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, imefika kwenye ile picha ya mawingu inayotangulia ikiwaka, ikazima. Saa saba mchana, haikuwaka kabisa. Alhamisi asubuhi na baridi, mawingu tena, ikagonga, ikazima. Inapogonga, taa ya mbele inafifia." Kila alipobonyeza kitufe alifumba macho, kama mtu anayengoja kupigwa.

Alhamisi hiyo mchana alikuja Erick, kijana aliyesomea kompyuta na kutengeneza za maofisini. Aliinama, akasikiliza ule mlio mara mbili tatu, akanyanyuka.

"Mama, diski imekufa. Nikuwekee nyingine, au hii tuipige fomati, tujaribu bahati."

"Fomati ndiyo nini?"

"Tunafuta kila kitu, inaanza upya kama mtoto mchanga."

Anyesi aliweka kiganja juu ya mashine. "Na vilivyomo?"

"Vilivyomo ndiyo basi tena. Wapo watu Dar wanaojua kuvitoa, lakini ni wiki nyingi, na hawaahidi." Erick alimtazama usoni, akaipunguza sauti. "Samahani, mama. Kuna kitu kikubwa humo?"

"Kuna watu," alisema Anyesi. Akamwomba aiache kama ilivyo.

Jioni ile, kabla jua halijazama, aliifunga mashine kwa khanga mbili na kuipeleka karibu na soko kwa Abubakari, Mrangi wa Kondoa aliyetengeneza redio tangu enzi za betri sita. Watu walisema amekwisha kuzifungua kompyuta tatu au nne, na mbili zilipona. Anyesi hakwenda kwa sababu ya matumaini. Alikwenda kwa sababu ya ile taa iliyofifia, ambayo Erick hakuiulizia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mgonjwa amepatwa na nini?"

Alimsomea daftari. Abubakari aliacha kulehemu, akamwomba arudie pale penye asubuhi na baridi.

"Mama, nusu ya kazi yangu umeshaifanya," alisema. "Redio ikikosa umeme wa kutosha hukohoa. Hii nayo huenda diski haijafa, ina njaa. Kile kisanduku cha kugawa umeme kimechoka, kikipata joto kinazidi kuchoka. Diski inataka kuzunguka, inakosa nguvu, inarudi ilikotoka. Ndiyo hiyo tak, tak."

"Basi badilisha hicho kisanduku!"

"Naweza kubadilisha. Lakini sikiliza." Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Ninaweza kuwa nimekosea. Kama diski yenyewe ndiyo mbovu, kila tukiiwasha inajikwangua ndani. Huenda mara moja zaidi ikaimaliza, na hata wale mafundi wa Dar wakakuta hakuna cha kutoa. Vitu vyenyewe ni vya nani?"

"Vya kijiji kizima."

"Kawaulize wenyewe. Mimi sitaigusa kwa ruhusa yako peke yako."

Anyesi aliogopa mashine, lakini alimwogopa Zipora zaidi. Ijumaa asubuhi alipanda basi la Kongwa akiwa hajala kitu. Alimkuta Zipora shambani anapalilia mtama, na karibu naye Mzee Kefa, mmoja wa mashahidi, amekaa juu ya kichuguu akinoa jembe. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Alipofika yakapotea yote.

"Kompyuta imeharibika," alisema. "Ushahidi umo ndani na sijui kama utatoka. Juzi nilikudanganya, dada. Nilikwambia inaendelea. Niliogopa."

Zipora aliinama tena. Alipalilia mstari mzima mpaka mwisho, akarudi na mwingine, huku Anyesi amesimama kwenye jua. Ndipo akaegemea jembe.

"Siku tatu umekaa na jambo letu peke yako," alisema. "Siku tatu tungeweza kuzunguka nyumba kwa nyumba tena."

"Ni kweli."

"Mimi naweza kusema upya hata sasa hivi," alisema Mzee Kefa, bila kuacha kunoa. "Wasioweza ni wale sita. Fundi anasemaje?"

Anyesi aliwaeleza yote: njaa ya umeme, hatari ya kuiwasha, Dar na wiki zake. Hakupamba. Mzee Kefa alisema Dar watapata ushahidi shamba likiwa limeshazungushiwa uzio. Zipora aliweka jembe begani.

"Aiwashe," alisema hatimaye. "Lakini mimi niwepo. Kama ushahidi unakufa, nisiwe wa kuhadithiwa."

Jumamosi saa tatu Anyesi na Zipora walikuwa mbele ya meza ya Abubakari. Alipofungua kisanduku cha umeme, vumbi jekundu lilitoka vipande vipande kama sufi. Ndani, vijipipa vitatu vya kutunza umeme vilikuwa vimevimba vichwa kama maharage yaliyolowekwa. "Hawa ndio waliokuwa wanaungua," alisema. Alitoa kisanduku kingine kwenye kompyuta iliyokufa zamani, akakipima mara mbili, akakifunga.

"Bismillahi," alisema, akabonyeza.

Tak.

Anyesi alimshika Zipora mkono bila kujua. Zipora hakuutoa. Walingoja tak ya pili. Haikuja. Ikaja sauti nyororo ya kitu kinachozunguka, kisha mawingu, kisha mawingu yakaondoka na meza yake ya kazi ikatokea kiooni, na picha zote ndogo zilizopangwa pale alipoziacha.

"Usishangilie," alisema Abubakari. "Toa watu wako kwanza."

Walinakili kwenye disketi sita mpya, wakarudia kwenye nyingine sita, kisha Anyesi akafungua faili moja moja kuhakikisha. Arobaini zilifunguka. Ya thelathini na mbili ilikwenda mpaka katikati, na baada ya hapo kukawa na alama za ajabu, vimraba na nyota, ukurasa mzima. Ilikuwa ya Bibi Anastazia, aliyekufa mwezi wa Oktoba. Maneno yalikatika kabla tu ya kisima.

"Wewe ndiye uliyeichapa," alisema Zipora. "Huikumbuki?"

Aliikumbuka. Alikumbuka jembe na sufuria, na miti miwili iliyotajwa kuwa mpaka, na jina la mlima. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya vitufe. Akavitoa.

"Nikiongeza neno moja kutoka kichwani mwangu," alisema, "wakigundua, watauliza hayo mengine arobaini yalitoka wapi."

Zipora aliusoma tena ukurasa ule mpaka pale ulipokatika. Kisha akasema, "Andika kwamba hapa pamekatika." Anyesi akaandika kwamba maandishi yamepotea kwa hitilafu ya kompyuta, akaweka jina lake, na chini yake Zipora na Abubakari wakatia sahihi.

Mbele ya kamati aliitwa kueleza ukurasa ule. Mawakili wawili wa upande wa pili walimuuliza maswali kwa zamu. Alijibu aliyoyajua. Kwa asiyoyajua alisema hajui.

Uamuzi ulichukua mwaka na miezi. Kijiji kilirudishiwa makaburi, visima viwili na sehemu kubwa ya mashamba. Kisima cha Bibi Anastazia kilibaki ng'ambo ya uzio, kwa sababu hakukuwa na maneno ya mtu aliyeona kikichimbwa yaliyosema ni cha nani.

Anyesi alikwenda kuwasalimu watoto wa bibi huyo, akiwa amebeba mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Binti mkubwa alimkaribisha ndani na kumpa uji. Waliongea habari za mvua. Binti hakusema neno la lawama, wala la msamaha, na Anyesi hakuomba. Alipoondoka, yule binti alimsindikiza mpaka njia panda, wakaagana, kila mmoja akashika njia yake.