Mwezi wa Shangazi Towa

Shangazi Towa alikuwa mtengeneza karatasi, na mikono yake ilikuwa myekundu tangu theluji ya kwanza hadi miplamu ichanue. Karatasi nzuri inataka maji ya baridi kali, kwa hiyo sisi wa Echizen tunachovya mikono majini wakati wengine wanaota moto.

Kila mwaka theluji ikianguka, hekaluni hutundikwa mchoro wa wino wa Kanroku, mchoraji wa kijiji chetu: mlima, kibanda, msonobari mmoja, kwingine kote theluji. Watu hupiga magoti, huuinamia kwanza kama wanavyomwinamia mgeni, ndipo hutazama.

"Theluji hii ya Kanroku, hata miguu inaniganda," alisema mwaka mmoja Mama Hisa, muuza tofu wetu.

"Inaganda kwa sababu soksi zako zimetoboka," Shangazi akamjibu.

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimemwona Shangazi anavyouma mdomo. Njiani kurudi akaniambia, "Kiyo, mwanangu, pale penye theluji Kanroku hakugusa brashi. Kaiacha karatasi wazi. Na ile karatasi ni yangu. Wanainamia karatasi yangu, wanamtaja yeye."

Nilisoma miaka miwili tu, lakini hilo nililielewa.

Yeye na Kanroku walikua pamoja. Wakiwa wadogo walichora kwa vijiti kwenye theluji ya ua wa hekalu, na mtawa akataka kuwafundisha wote wawili. Babu yangu akasema mikono ya binti yake ni ya pipani, kwenye rojo la karatasi. Akaenda Kanroku peke yake kujifunza.

"Na farasi niliyemchora mimi kwenye theluji ndiye aliyekuwa farasi," Shangazi husema mpaka leo. "Wa kwake alikuwa benchi."

Majira yale yale ya baridi Mama Hisa alipolalamikia miguu, Kanroku alikuja kwetu. "Dada Towa, hekalu linataka mchoro mpya. Nitengenezee karatasi moja kubwa, safi kuliko zote."

"Safi kuliko zote, halafu usiichore?"

"Ndiyo. Na huko kutoichora nataka nikufanye vizuri."

Alicheka mwenyewe. Shangazi alikuwa anakoroga pipa.

Sisi tukishalaza karatasi mbichi, tunaondoa mikono haraka. Tone la maji likidondoka juu yake, linasukuma nyuzi pembeni na kuacha kiduara chembamba, na karatasi hiyo hurudishwa pipani. Siku ile Shangazi aliilaza karatasi ya Kanroku, kisha akaunyoosha mkono juu yake na kuuacha pale. Tone lilining'inia kwenye ncha ya kidole. Alilitazama mpaka likaanguka.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Sijaona kitu, Shangazi."

Ilipokauka, kiduara hakikuonekana ila ukiinua karatasi kwenye mwanga. Aliiviringisha kama bomba, akanituma niipeleke. Alitaka wino uharibike pale penye tone, umwaibishe Kanroku mbele ya kijiji kizima.

Mwezi mmoja baadaye mchoro ulitundikwa. Kanroku alikuwa ameipaka anga wino mwepesi wa kijivu, na juu ya mlima, pale tone lilipoanguka, wino ulikuwa umekataa kushika. Palikuwa na mwezi mdogo, mweupe, kama uko nyuma ya theluji inayoanguka.

Mama Hisa alifuta macho. "Huu mwezi ameutoa wapi? Hauna hata mstari wa kuuzunguka."

"Ulijitokeza wenyewe," Kanroku alisema, akijikuna shingo. Wakamsifu na kwa unyenyekevu wake.

Kisha akageuka. "Dada Towa, wewe unauonaje?"

Hekalu zima likamtazama. Mdomo wa Shangazi ulifunguka. Nilijua neno lililokuwamo: wangu. Lakini angelisema, angeulizwa tone lilifikaje pale, na mtu aliyeharibu karatasi kwa makusudi hakuna ambaye angesimama naye tena kwenye pipa.

"Mdogo," alisema. "Mwezi wenyewe mdogo mno."

Watu wakaguna. Yeye akainama tena, akabaki ameinama chini kuliko mtu yeyote. Alipoinua kichwa nilikuwa kando yake, nikamwona anauangalia mwezi ule kama mama anavyomwangalia mtoto wake akiwa mgongoni kwa mwanamke mwingine.