Ubao Wangu na Sura ya Zuhura

Kila nikifungua faili kwenye kompyuta ili niandike ndani yake, pua yangu hunusa masizi na gundi, wino tulioandikia katika chuo cha Kurani, Lamu, miaka ya sitini. Mnaoandika programu mtanielewa: ukiamuru faili ifunguliwe kwa kuandika, mashine hufuta kwanza vyote vilivyomo, wala haikuulizi. Nilipofundishwa hayo ukubwani, wenzangu darasani walishtuka. Mimi nilimkumbuka Zuhura, damu ikanichemka upya.

Zuhura ndiye aliyekuwa mkubwa wetu chuoni, akitusikiliza tukidurusi. Kila mmoja wetu alikuwa na ubao wake wa kuandikiwa somo; haukuoshwa mpaka mwenyewe awe amelihifadhi, na Bi Mwalimu hakuwa akiliandika somo mara mbili. Zilibaki siku chache tusome mbele ya mama zetu, kila msichana na sura yake, na mama alikwisha kuninunulia leso mpya. Zuhura akamwambia Bi kwamba nimehifadhi. Uongo mtupu! Nilikuta ubao wangu umeoshwa, umeegemezwa ukutani ukauke.

"Si umekwisha kuhifadhi wewe?" akaniuliza, meno yote nje.

Nilimlalamikia Bi, akaniambia nisimsingizie mkubwa wangu.

Ubao wa Zuhura sikuugusa. Nilitaka kisasi kitamu zaidi. Kila asubuhi nilikaa nyuma yake, nikausoma kwa macho tu, mstari kwa mstari, hadi sura yake nzima ikaingia kichwani mwangu.

Siku ilipofika, ukumbi umefukizwa udi, kina mama wamejaa, Zuhura akakwama katikati.

"Nani wa kumtoa?" Bi akauliza.

Nikapaza sauti, nikasoma kuanzia alipokwama hadi mwisho.

"Ndoo mbee, mwanangu," Bi akaniita nisogee mbele, akanikalisha mahali pa Zuhura. Zuhura alilia hadi kamasi zikamtoka, nami niliona raha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuiona.

Sasa nimezeeka. Sura ya Zuhura naweza kuisoma usingizini. Yangu, ile niliyonunuliwa leso kwa ajili yake, nimejifunza tena mara nyingi, na kila nikiianza, ya Zuhura huja ikakaa mahali pake. Zuhura aliosha ubao tu. Kule nyuma yake nilidhani nasoma, kumbe nilikuwa naandika, na sikujua nilichokuwa nikikifuta.

Na bado sijamsamehe.