Gari ya Baba haina ule mlio tena

Kisumu nzima hakuna anayenishinda kabureta. Mainjinia wenyewe huja kuniuliza!

Sasa sikieni ya leo.

Gari ya marehemu Baba, aliyoinunua miaka ya sabini kwa daktari Mwamerika, ilikuwa na pampu ya kupunguza moshi. Inalia wiii, kama mbu.

Fundi mmoja wa mtaa wa Mamboleo akaniambia, "Bwana, hiyo kitu iache."

Nikamcheka. Nikaing'oa, nikampa mtu wa vyuma chakavu sokoni Kibuye.

Weee! Gari ikawa nyepesi, mpaka Bondo kwa Mama ndege walikuwa nyuma yangu.

Mama haoni siku hizi. Lakini tangu zamani akisikia ule mlio, anaweka chai ya Baba motoni. Hata nikija mimi, anaweka.

Leo alikaa tu. "Karibu mgeni. Unatafuta nani?"

"Mama, ni mimi Omondi. Nimekuja na gari ya Baba."

"Gari ya baba yako naijua. Umeipeleka wapi?"

Nimerudi Kibuye mbio. Pampu wameshaikatakata.

Jamani, nimwambie nini?

Na msinicheke: kabla sijaondoka kwa Mama nilirudi mpaka getini, nikaingia tena polepole, mzee mzima, nikilia wiii kwa mdomo.

Mama hakuinuka.