Meno Aliyomtengenezea Dada Yake

Karakana ilikuwa nyuma ya kliniki ya meno, chumba cha hatua sita kwa nne chenye dirisha moja, meza iliyojaa vumbi jeupe na mashine ya kusagia iliyolia kama nyuki aliyekasirika. Humo mtu mmoja alimaliza miaka ishirini na tatu akitengeneza meno ya wenzake. Hakuwa daktari. Hakung'oa, hakuziba, hakumchoma mtu sindano. Kazi yake ilianza pale daktari alipomaliza ya kwake: aliletewa chapa ya kinywa cha mgonjwa, akaimiminia plasta, akasubiri igande, kisha juu ya ufizi huo wa plasta akapanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine. Wagonjwa walivaa kazi ya mikono yake hadi kaburini bila kumjua sura. Wafanyakazi wenzake walimwita Gego. Alikuwa na mabega mapana na shingo fupi, tena, kama alivyosema mama wa mapokezi, ukishamkalisha mahali hang'oki.

Ukuta uliotenganisha karakana na ukumbi wa wagonjwa ulikuwa wa mbao. Kila asubuhi saa mbili daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya ualimu, alisimama mbele ya mabenchi na kuwapa watu nasaha kabla ya kuanza kuwaita. Gego alizisikia zote akiwa anakoroga plasta.

"Fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki. Damu inaletwa na uchafu, mswaki umesingiziwa. Wewe baba wa shavu lililovimba, umeweka nini hapo?"

"Kidonge cha maumivu, daktari. Nimekibandika kwenye ufizi."

"Kidonge kinamezwa. Ukikibandika kinaunguza nyama, sasa una maradhi mawili badala ya moja. Wenye meno ya bandia, vueni mkienda kulala, yawekeni kwenye maji, ufizi nao upumzike. Na kidonda chochote mdomoni, kikitimiza wiki mbili hakijapona, njoo. Usimuulize jirani. Njoo."

"Na kama hakiumi, daktari, si ndiyo nafuu?"

"Kisichouma ndicho kinachonitisha zaidi."

Gego alikuwa akizimalizia sentensi hizo kwa midomo, bila sauti, kama mtu anavyofuatisha wimbo wa redioni. Aliwahi hata kumtolea mama wa mapokezi nasaha nzima kwa sauti ya daktari, mpaka mama yule akaketi chini kwa kucheka.

Alikuwa na dada mmoja tu duniani. Mama yao alifariki Gego akiwa na miaka tisa na dada kumi na saba. Baba alikuwa ameshaondoka zamani, akaenda alikokwenda. Dada akaacha shule, akakaa kwenye cherehani ya marehemu mama yao, na kwa cherehani hiyo akamlisha mdogo wake, akamvisha, akamsomesha hadi chuo. Alikuwa fundi mwenye haraka. Pini alizibana midomoni, nyuzi alizikata kwa meno.

"Mkasi si huo mezani, dada," Gego alikuwa akimwambia.

"Mkasi hutafutwa. Meno yapo tu."

Hayakudumu. Alipofika miaka hamsini meno yake ya mbele yalikuwa na mapengo madogo madogo, kama ukingo wa msumeno. Kisha fizi zikaanza kutoka damu, naye akafanya wanavyofanya wengi: akaogopa damu, akaacha kupiga mswaki pale palipotoka damu, na hapo ndipo pakaoza. Meno yakalegea. Daktari akayatoa yaliyobaki kwa awamu tatu, na Gego akamtengenezea seti nzima, ya juu na ya chini.

Hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Alitafuta picha ya dada ya ujanani, akaiegemeza kwenye kopo la nta, akapanga meno akiitazama. Dada alizaliwa na mwanya, mwanya ambao vijana wa mtaani waliusifia hadi wakakera. Gego akauacha mwanya ule ule, upana ule ule. Siku aliyomvisha, dada alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akageuka upande mmoja, akageuka wa pili.

"Umenirudishia mwanya wangu, we mtoto," alisema mwishowe. Mtoto mwenyewe alikuwa na mvi.

Kliniki ilikuwa na utaratibu wake. Mtu ambaye meno yake ya bandia yanambana alipita mapokezi, akapewa kadi, akakaa benchi, daktari akamtazama kinywa. Ndipo daktari alipoyapitisha meno kwenye kidirisha cha karakana pamoja na karatasi inayosema palainishwe wapi. Lakini ndugu wa wafanyakazi hawakupanga foleni. Walipita mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka, wakahudumiwa wakaondoka. Ndiyo heshima pekee ambayo mtu wa kazi ndogo aliweza kumfanyia jamaa yake, na hakuna aliyeikataza. Gego aliionea fahari. Dada yake, aliyemlea, akae benchi na kadi mkononi kama mgeni?

Miaka minne baada ya kuvaa meno yale, dada alikuja kwa mlango huo. "Yananikwaruza hapa chini, kushoto, karibu na ulimi."

Gego akamkalisha kwenye kigoda, akamulika kwa taa ya mezani. Palikuwa na alama ndogo nyekundu yenye ukingo mweupe, kama punje ya mtama. Michubuko ya namna hiyo kwake ilikuwa chakula cha kila siku. Akapapaka wino wa zambarau kwa penseli yake, akarudisha meno, wino ukahamia kwenye plastiki na kumwonyesha mahali. Akapasaga kidogo, akapang'arisha.

"Jaribu."

"Afadhali."

Baada ya wiki tatu akarudi. Pale pale. Gego akasaga tena. Mwezi mwingine, tena. Mara ya nne dada alikuwa ameketi kwenye kigoda hata kabla hajaambiwa.

"Fundi gani wewe? Mimi nguo ikimbana mteja naiachia mshono mara moja, basi, anaondoka anacheza."

Alisema kwa utani, lakini utani huo ulimwingia Gego kwenye mfupa. Kuanzia siku ile hakukitazama tena kinywa cha dada yake. Alitazama meno. Aliyageuza kwenye mwanga, akayapima, akatafuta kosa lake mwenyewe kwa bidii ya mtu aliyekashifiwa, na kila alipotafuta aliona mahali pa kusaga. Dada akataja kwamba na sikio la upande ule linamuuma. "Ni baridi hiyo," Gego akajibu, macho kwenye tupa. Akamwambia ayavue meno kwa siku kadhaa.

"Nikae kibogoyo mbele ya wateja? Bora uniue."

Naye hakumsukuma. Asubuhi ile ile, nyuma ya mbao, daktari alikuwa amefika kwenye wiki mbili zake, na Gego alikuwa amezimalizia kwa midomo kama kawaida. Kumpeleka dada kwa daktari kungekuwa kusema kwamba seti bora kuliko zote alizotengeneza ina walakini. Daktari angeuliza ni kazi ya nani. Angejibu nini?

Mwezi wa saba tangu mchubuko ule uanze, seti ya chini ilipasuka dada akiwa anakula. Gego akampa ahadi ya mpya, akaiacha ile mbovu mezani. Daktari aliingia karakana siku hiyo kufuatilia meno ya mgonjwa mwingine, akaiokota kwa mazoea tu, akainua kwenye dirisha. Mahali pamoja, upande wa kushoto, plastiki ilikuwa imesagwa hadi mwanga ukapenya.

"Hii ya nani, fundi?"

"Ya dada yangu."

"Umeisaga mara ngapi hapa?"

"Sita."

"Kwa muda gani?"

"Miezi saba hivi."

"Na kidonda kilikuwa kinahama, au kilikaa pale pale?"

Gego akafuta vumbi la meza kwa kiganja. Daktari akaiweka seti mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika mara ya pili. "Mlete kesho. Apite mbele."

Kesho yake dada alikaa kwenye kiti cha daktari, kitambaa kimefunika mdomo mtupu. Gego akasimama ukutani. Daktari akamulika, akabonyeza kwa kidole chenye glavu, kisha akashika shingo, chini ya taya, akatulia hapo zaidi ya alivyotulia mahali pengine.

"Kilianza lini, mama?"

Dada akaelekeza kidevu ukutani. "Muulize fundi wangu. Yeye ndiye mwenye tarehe."

Daktari akamgeukia Gego, naye akainamia viatu vyake. Dada hakukusudia kumchoma. Alikuwa bado anafikiri kwamba wanazungumzia meno.

Kipande kidogo cha nyama kikakatwa, kikapelekwa maabara, na majibu yakarudi na neno ambalo daktari alilisema kwa sauti ya kawaida ili lisionekane kubwa: saratani. Wakapelekwa hospitali kubwa. Huko daktari wa upasuaji aliwachorea taya kwenye karatasi, akapiga mstari pale watakapokata. Dada akautazama mchoro kama anavyotazama mshono.

"Hapo mnatoa kitambaa kingi mno," alisema. "Mtanishonea na nini?"

Daktari wa upasuaji akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaeleza kwamba kidonda kingewahiwa kikiwa kidogo, wangekikata wakakishona, mambo yakaisha. Alieleza bila kumlaumu mtu, maana hakumjua wa kumlaumu. Gego alikaa kati yao, mikono kwenye mapaja, akiwa na plasta iliyokaukia kwenye kucha.

Walitoa nusu ya taya ya chini na tezi za shingo. Ikafuata mionzi, wiki sita. Dada alirudi nyumbani uso umevutwa upande, anakula uji kwa mrija, anasema maneno yaliyokatika ambayo bintiye, aliyekuwa akimuuguza, aliyaelewa kuliko wote. Cherehani ikafunikwa shuka. Gego alipita kila alasiri baada ya kazi. Akaahidi kumtengenezea seti nyingine ya chini, ya pekee, na kwa majuma mawili akapima, akachora, akapanga nta na kuibomoa. Meno hukaa juu ya mfupa. Pasipo na mfupa hayana pa kukaa, na hilo alilijua tangu chuoni. Aliendelea tu, kwa sababu mikono ikisimama kichwa kilianza kuwaza.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji shingo ikavimba upya. Hospitali ikawaambia waendelee na dawa za maumivu, nyumbani. Hawakusema zaidi, wala hakuna aliyewauliza.

Alasiri moja bintiye alitoka kwenda kuteka maji. "Mjomba, mkalie kidogo," akasema. Gego akavuta kigoda hadi kitandani. Alikuwa amebeba neno la kumwambia kwa miezi, na alijua siku zilizobaki zinahesabika kwa vidole.

"Dada."

Akafungua jicho.

"Nilijua. Ile ya wiki mbili. Daktari anaisema kila asubuhi, mimi naisikia. Ningekuambia toka mara ya pili. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu kwa ajili ya meno yangu."

Nje ndoo iligonga ukingo wa kisima. Dada alizungumza polepole, akilitafuta kila neno, naye Gego akainama sikio karibu na mdomo.

"Nimeshajua. Tangu pale kwa daktari, ulipokosa la kusema."

"Nisamehe, dada."

"Unaniambia ili nani apate usingizi?"

Hakuwa amekasirika. Ilikuwa sauti ile ile aliyomuulizia, miaka arobaini nyuma, nani kamwaga unga. Gego akabaki ameinama.

"Mto," dada akasema. "Umeshuka."

Akauinua mto kwa mkono mmoja, kichwa cha dada kwa mkono wa pili. Kilikuwa chepesi kuliko alivyotarajia. Akauweka sawa, akamlaza, akamfuta pembe ya mdomo. Dada akafumba macho. Bintiye aliporudi na ndoo aliwakuta hivyo, akafikiri wamelala wote wawili, akapita kwa ncha za vidole.

Siku nne baadaye, Alhamisi asubuhi, mama wa mapokezi aliingia karakana akiwa ameshika simu kifuani. Nyuma ya mbao daktari alikuwa akimfundisha mtoto wa mtu kusukutua. Gego aliitazama ile simu, akaelewa. Akaosha mikono kwenye beseni, kidole kimoja kimoja, akavua koti la kazi na kulitundika msumarini. Msamaha alikuwa ameuomba. Kama alipewa, hakuna tena wa kumwambia.