Shikamoo Niliyoimeza

Harufu ya dawa ya viatu ikinikuta popote, hata dukani katikati ya watu, naona aibu. Msinicheke. Wengine huwakumbusha shule. Mimi hunirudisha kwenye fleti yetu ya ghorofa ya tisa kule Scarborough, kitongoji cha Toronto: Baba kaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mguu wake mbovu kaunyoosha, kiatu changu kakivaa mkononi kama soksi, anakisugua na kukipulizia pumzi mpaka king'ae. Kila siku ya Mungu. Viatu vyake kwanza, halafu vyangu, halafu vyeupe vya Mama vya hospitali.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alipigana vita vya Uganda, akarudi na goti lililokataa kukunjika vizuri, kisha akaingia polisi mpaka alipostaafu akiwa sajenti. Mama, ambaye ni muuguzi, alitangulia Toronto kikazi, na mimi na Baba tukamfuata mwaka wa tisini na nne, nikiwa na miaka kumi. Baba hakujua kukaa bure. Kabla mwaka haujaisha alishapata kazi ya kuvusha watoto barabara. Na jamani, shule zote zile za Scarborough, akapangiwa mbele ya shule yangu!

Wavushaji wengine walikuwa kina mama wenye tabasamu, wanapunga mkono, basi. Baba yangu alisimama mguu sawa. Alikuja na filimbi yake mwenyewe kutoka Musoma, na hakuna mtoto aliyevuka kabla hatujapanga mistari miwili iliyonyooka. Magari yakisimama, alitupitisha, na mtoto wa mwisho akishapanda ukingo wa barabara, Baba aliwageukia madereva na kuwapigia saluti ya shukrani. Saluti kamili, mkono kwenye kofia ya sufi! Uwanjani wavulana walimwigiza, wanachechemea na kupuliza filimbi za vidole, na rafiki yangu Natasha alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi pia nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Maana hawakujua kuwa ni baba yangu. Kwetu mtoto hubeba jina la baba yake kwa ubini: yeye aliitwa Marwa Chacha, mimi Bhoke Marwa, na kwa Wazungu, hao walikuwa watu wawili wasiohusiana kabisa. Vikao vya wazazi alikwenda Mama. Kilichobaki kunifichua ni shikamoo. Baba aliondoka nyumbani sijaamka, kwa hiyo nilimwamkia pale pale barabarani, na asingekubali nipite bila kumwamkia. "Shikamoo, Baba," nilinong'ona huku nikitazama lami. "Marahaba, mama!" alijibu kwa sauti ya gwaride. Natasha aliponiuliza tunaambiana nini, nikamwambia kwetu kila mzee huamkiwa hivyo, hata usiyemjua. Si ni kweli? Uongo mtamu ni ule uliojengwa kwa ukweli.

Ikafika Novemba ya mwaka uliofuata, mwezi ambao huko watu huvaa ua jekundu kifuani kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Shule ilitoa barua: mwenye mzazi au babu aliyepigana vita amwalike. Barua yangu niliichana vipande vinne nikaitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Ningejua! Mwalimu mkuu alimwona Baba na ua lake, wakazungumza, akamwalika yeye mwenyewe.

"Mama Bhoke!" Baba alisema jioni hiyo, hata koti hajavua. "Nimealikwa gwaride! Na watoto ndio watakaotuvisha maua." Kwa siku tatu alipiga pasi koti lake la buluu. Nishani zake mbili alizisugua kwa dawa ya meno. Usiku wa kuamkia siku yenyewe alinipangia viatu vyangu mlangoni, vinang'aa kuliko vyake. Nikajaribu kusema tumbo linaniuma. Mama akanigusa paji la uso, akasema, "Tumbo gani hilo linalokula ugali sahani mbili?"

Siku hiyo tulikaa sakafuni kwenye ukumbi wa mazoezi, shule nzima. Mbele walisimama wazee wawili wa Kizungu na Baba. Wakati wa kimya cha kuwakumbuka waliokufa, Baba alipiga saluti, macho mbele, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. Nyuma yangu mtu akacheka puani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kisha mwalimu mkuu akasema watoto wa familia waje kuwavisha maua. Msichana mmoja akamkimbilia mzee wa kwanza. Mvulana akaenda kwa wa pili. Baba akanitazama. Hakuniita, alinitazama tu, na kidevu chake kikainuka kidogo kama anavyofanya akijivuna.

"Anakutazama wewe," Natasha alisema. "Ni baba yako?"

Ukumbi ulikuwa kimya. Nilitazama viatu vyangu.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Nilisema kwa Kiingereza, na nilisema kwa sauti. Baba alisikia, niliona kidevu kikishuka. Mwalimu mkuu alimwuliza kama ana mtoto hapo shuleni. Akajibu, taratibu, kwa Kiingereza chake cha kituo cha polisi, "Mtoto wangu hayupo hapa, mwalimu." Mwalimu mkuu akamvisha ua yeye. Likakaa upande.

Jioni tulikula pamoja. Mama, aliyekuwa zamu mchana wote, alitaka kusikia kila kitu. "Na ua, Bhoke alikuvisha vizuri?"

Baba alimega tonge, akalifinyanga muda mrefu.

"Alinivisha vizuri sana," alisema.

Huyu ndiye mtu aliyenichapa mara moja tu maishani, na alinichapa kwa kusema uongo.

Asubuhi iliyofuata nilikuta viatu vyangu mlangoni, vimeng'arishwa. Nilitembea kuelekea barabarani na Natasha, nimeshaiandaa shikamoo mdomoni, na safari hii nilikusudia kuisema vizuri. Lakini kabla sijafumbua mdomo, Baba alinisalimu kwa Kiingereza, habari za asubuhi binti, kama alivyowasalimu wengine wote, akageuka kuyatazama magari. Shikamoo nikaimeza. Mnajua nilichohisi? Nafuu. Hiyo ndiyo inayonichoma hata leo, kwamba nilihisi nafuu.

Hakunidai shikamoo barabarani tena. Nyumbani alikuwa baba yule yule, ananitania, ananikemea, ananing'arishia viatu. Nje alikuwa mvushaji. Shuleni akija, alikaa nyuma kabisa. Nilidhani amesahau, au ameshazoea mambo ya Kizungu. Mtoto hujipa majibu yanayomfaa. Nami sikuomba radhi, kwanza kwa aibu, baadaye kwa mazoea, na miaka ikaenda.

Nilikuwa mama wa watoto wawili Baba alipolazwa, goti likiwa dogo kati ya maradhi yake. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda muuguzi kijana alipoingia, akanitazama, akamwuliza Baba kwa uchangamfu, "Huyu ni binti yako?"

Baba alinigeukia mimi kwanza, akangoja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amesahau, wala hakukasirika. Alikuwa na msemo wake wa jeshini, kwamba lindo haliachwi mpaka uje kubadilishwa, na mimi nilikuwa nimempangia lindo nikiwa na miaka kumi na moja, nikaondoka, nisirudi kumwambia imetosha. Alilinda siri yangu hata mbele ya mke wake. Na mpaka pale kitandani, mzee mzima, bado aliniomba ruhusa ya kuwa baba yangu.

Nikasimama. "Shikamoo, Baba!" nikasema, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Ilimchukua muda kuipata pumzi.

"Marahaba, mama," alisema. Kisha akachungulia ukingoni mwa kitanda, akakunja uso. "Na viatu hivyo, mbona vichafu hivyo?"