Nukta Nyekundu Ndani ya Lenzi

Lenzi ya baba iliniponyoka ukumbini, katikati ya mahafali niliyokodiwa kupiga picha, ikabingirika ngazi nne. Nilipoiokota, kitu kikalia ndani. Baba alinikabidhi lenzi ile alipostaafu, kwa maneno ambayo nyumbani kwetu tumeyasikia hadi tumechoka: "Miaka thelathini, mwanangu, haijaanguka hata mara moja." Na Jumapili alikuwa anakuja kumpiga nayo picha mjukuu wake.

Wenzangu wakanielekeza kwa mzee wanayemwita Fundi Usipumue. Chumba chake kiko juu ya duka la vitambaa, dirisha limefungwa, feni imezimwa, maana adui yake ni vumbi. Ujanani alitengeneza saa za mkono. Saa zilipokosa wateja akahamia kwenye lenzi, na mkewe hutania kwamba uso wa mumewe anauona wakati wa kula tu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaa pale. Chafya ikikujia, toka nje."

Akaiweka lenzi sikioni, akaitikisa mara moja. "Kioo cha tatu kimetoka mahali pake. Hakijavunjika."

Hajafungua hata skrubu moja! Mimi ni mbishi, sikufichi. Nikakaa nikijiambia njia ya mwongo fupi, ngoja tuone.

Akachora duara kwenye karatasi, na kila skrubu iliyotoka akaibandika pale pale ilipostahili kurudi. Kioo cha kwanza kikatoka, kisha cha pili. Cha tatu kilikuwa kimelala ubavu, kizima kabisa. Ubishi ukaniisha. Alikiinua kwa kibano, akakirudisha, akakisukuma kwa ncha ya kidole kiasi ambacho jicho langu halikukiona, akaitazama taa kupitia kwacho, akasukuma tena. Mzee wa miaka sabini, na vidole havitetemeki! Niligundua kwamba hata mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Machozi yalinilengalenga, na wala si kwa sababu ya lenzi tena.

Kabla ya kufunga, alichukua kichupa cha rangi ya kucha cha mkewe, akatia nukta nyekundu ndani kabisa, mahali asipofika mtu mwingine.

"Kila nikitengeneza naweka moja," alisema.

Nikainama kuitazama. Kando yake palikuwa na nukta nyingine mbili, zimefifia.

"Na hizi je?"

"Hizo za zamani." Akaanza kurudisha skrubu. "Siri za wateja wangu sizitoi. Umejionea mwenyewe, mimi sikusema neno."

Jumapili baba alifika, nikampa kamera. Badala ya kuangalia kioo, aliichomoa lenzi kwenye kamera, akaiweka sikioni, akaitikisa polepole. Nikainamisha macho sakafuni.

"Fundi hajambo?" aliuliza, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Haya, babu, tazama huku."